Mtungi wa Jericho na mshipi wa Dhofar

Geuza mtungi wa maji wa lita 20, ule wa manjano unaopangwa foleni mtaani Jericho, Nairobi, mifereji ikikauka. Chini yake, ukifuta vumbi, mara nyingi utakuta pembetatu ya mishale na namba 2 katikati. Namba hiyo ni alama ya polithini ngumu. Sasa chukua mshipi wa kusuka wa kuvulia samaki baharini, mwembamba kuliko kamba ya kiatu, wenye uwezo wa kumsimamisha kolekole mkubwa anayekimbilia mwambani. Huo nao ni polithini. Hata karatasi za plastiki za kubebea bidhaa, zilizopigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, zilikuwa za ukoo huohuo.

Ukoo wenyewe ulianza kwa bahati nasibu. Tarehe 27 Machi 1933, Eric Fawcett na Reginald Gibson wa kampuni ya ICI walikuwa wakijaribu kemikali chini ya shinikizo kubwa huko Northwich, Uingereza, wakakuta mabaki meupe kama nta ndani ya chombo chao. Miaka 20 baadaye Mjerumani Karl Ziegler akapata njia ya kutengeneza aina iliyo ngumu zaidi, ndiyo hii ya mitungi. Mshipi ulisubiri hadi mwishoni mwa miaka ya 1970, pale Paul Smith na Piet Lemstra wa kampuni ya DSM, Uholanzi, walipoichukua polithini yenye molekuli ndefu kupita kiasi, wakaiyeyusha katika kimiminika, wakaipitisha kwenye vitundu vidogo, kisha wakauvuta ule uzi laini mpaka ukarefuka mara nyingi kuliko ulivyotoka.

Siri iko katika kule kuvuta. Ndani ya mtungi, molekuli zimejikunjakunja ovyo na kushikana hapa na pale. Ndani ya uzi uliovutwa zimenyooka, zinalala sambamba kuelekea upande mmoja, na kila moja ni ndefu kiasi cha kushikana na jirani zake kwa mwendo mrefu. Ukitaka kuukata uzi kwa kuuvuta, huna budi kupambana na molekuli zote kwa pamoja. Ndiyo maana, kwa uzani sawa, uzi huu unaushinda waya wa chuma kwa zaidi ya mara 10, na ndiyo maana umeingia pia kwenye fulana za kuzuia risasi.

Kiwandani nyuzi hizo husukwa nne nne au nane nane, kama nywele saluni. Zinazosukwa nne hutoa mshipi wenye mgongo unaokwaruza kidogo. Za nane hutoa mshipi wa mviringo, laini, unaoteleza vizuri kwenye pete za ufito na kurushwa mbali bila kelele. Wauzaji husifu ule wa nane, na bei yake huwa juu. Lakini kabla ya kulipa, uliza kwanza mshipi unaenda kuvua wapi.

Mishipi ya kusuka husifiwa sana na wavuvi wa kwenye kelpi, yaani ule mwani mkubwa wa rangi ya kahawia unaosimama chini ya bahari kama msitu. Pwani yetu haina kelpi. Kuanzia Kiunga hadi Vanga tuna matumbawe, mikoko na nyasi za bahari, maana kelpi hutaka maji baridi yenye rutuba. Huko California kelpi kubwa huweza kurefuka kwa nusu mita kwa siku moja. Lakini huhitaji kwenda California. Upepo wa kusi, huuhuu unaowafunga wavuvi wetu nyumbani katikati ya mwaka, ukifika Dhofar, kusini mwa Omani, huyasukuma maji ya juu kutoka ufukweni, na maji baridi ya kina yakapanda kujaza pengo. Kati ya Juni na Septemba bahari ya Mirbat na Sadah inaweza kushuka chini ya nyuzi joto 20, katika nchi ambayo jangwa lake liko nyuma tu ya milima. Katika baridi hiyo huota kelpi iitwayo Ecklonia radiata pamoja na mwani mwingine mkubwa. Wakazi wa pwani hiyo wanaukuta msitu wa bahari karibu na mlango wao, jambo ambalo Mmombasa hajawahi kuliona.

Samaki akinasa ndoana karibu na msitu huo, la kwanza ni kupiga mbizi ndani yake na kuuzungusha mshipi kwenye mashina. Hapo nailoni humsaliti mvuvi. Nailoni hunyumbuka: ukiwa na mita 40 nje, na mzigo ukikaribia kuikata, inaweza kurefuka kwa mita 8, na hizo zinamtosha samaki kujificha. Uzi wa kusuka haurefuki hata mita 2. Unamhisi anapogusa chambo, na unamgeuza kabla hajafika. Na akifika, mshipi mwembamba uliokazwa huukata mwani kama msumeno, na huo uliosukwa nne, wenye kukwaruza, hukata kuliko wa nane. Kwa hiyo kwenye mwani ningechukua wa nne, wenye nguvu ya ratili 50 hadi 65, yaani kama kilo 23 hadi 29, niachane na sifa za dukani.

Ukirudi Watamu au Shimoni, hesabu inageuka. Tewa aliyenaswa hakimbilii mwani. Anakimbilia tundu la mwamba, na tumbawe halikatiki. Mshipi wa kusuka uliokazwa juu ya tumbawe huchanika uzi mmoja mmoja, kwa sababu kila uzi ndani yake ni mwembamba mno. Nailoni nene, yenye mwili mmoja, huchubuka lakini ikaendelea kushika. Ndiyo sababu mbele ya mshipi wa kusuka hufungwa mita moja au mbili za nailoni au fluorokaboni: hiyo ndiyo inayosuguana na mwamba, na hiyo ndiyo iliyo karibu na macho ya samaki, maana uzi wa kusuka haupitishi mwanga na huonekana wazi katika maji maangavu. Na kwa mvuvi wa mtumbwi anayevua kwa mkono, bila ufito wala rili, sioni sababu ya kuiacha nailoni yake. Mshipi wa kusuka ni mwembamba mno na unateleza. Nguru mmoja akivuta, vidole vinapasuka. Usiuzungushe mkononi kamwe.

Udhaifu wake mwingine unatokana na ukoo ule wa mtungi. Polithini ya mshipi huyeyuka karibu na nyuzi joto 145, wakati nailoni nyingi huvuka 200. Fundo likikazwa kavu na kwa pupa, msuguano wenyewe unaupika uzi, na fundo hilo litakatika kwa samaki wa kwanza wa maana. Lowesha kwanza, kaza polepole. Mafundo ya kawaida ya nailoni pia huteleza kwenye polithini, ikabidi mizunguko iongezwe. Hata kwenye rili, mshipi usipotanguliwa na mizunguko michache ya nailoni, utazunguka wote mzima na samaki asivutike.

Tofauti na nailoni, uzi huu haunywi maji wala hauozi kwa jua upesi, kwa hiyo hudumu miaka. Kinachochakaa ni zile mita za mbele tu, zinazorushwa na kusuguliwa kila siku. Nyuma yake kuna mita 100 na zaidi ambazo hazijawahi kuiona bahari. Mshipi ukianza kutoa manyoya na rangi ikapauka, usiutupe. Uhamishie kwenye rili nyingine ili mwisho uwe mwanzo, na umepata mshipi mpya bila kulipa. Vipande unavyokata wakati wa kufunga mafundo, virudi mfukoni. Kasa anaweza kuvidhania nyasi, na polithini ikishaingia baharini haina haraka ya kuondoka.