Fahamu: Vyama vya wafanyakazi Ulaya hufanya nini baada ya uchaguzi?

Wapiga kura wa Umoja wa Ulaya huchagua wabunge wao kila baada ya miaka 5. Katikati ya chaguzi, sauti yao hupita wapi?

Tangu 2012, wananchi wanaweza kupeleka hoja kwa Kamisheni ya Ulaya, chombo kinachopendekeza sheria za Umoja huo, wakikusanya saini milioni 1 kutoka angalau nchi 7.

Hoja ya kwanza kufanikiwa iliongozwa na vyama vya wafanyakazi wa huduma za umma, vilivyodai maji ni haki ya binadamu. Ilipata saini zaidi ya milioni 1.6.

Kamisheni hailazimiki kupendekeza sheria, ila lazima ijibu. Kufuatia hoja hiyo, mwaka 2020 sheria ya Umoja wa Ulaya ya maji ya kunywa ilirekebishwa, ikizitaka nchi wanachama kuwafikishia maji watu walio pembezoni.

Kura huweka viongozi madarakani. Wananchi waliojipanga ndio huwawajibisha.