Fahamu: Kwa nini mafundi huweka LED kwenye amplifaya za valvu

Valvu ni chupa ya kioo iliyoondolewa hewa. Kathodi ikipashwa moto hutoa elektroni zinazokimbilia anodi, na katikati kuna gridi inayozibana au kuziachia kwa kufuata mawimbi ya muziki. Ili sauti isikwaruze, gridi lazima iwe hasi kidogo kuliko kathodi, hata kabla wimbo haujaanza.

Njia ya zamani ni kufunga rezista kati ya kathodi na ardhi. Mkondo ukipita, kathodi hupanda volti kadhaa, na gridi iliyobaki kwenye ardhi ikawa hasi kuliko kathodi. Tatizo ni kwamba muziki wenyewe huuyumbisha mkondo huo, volti nazo zikayumba na ukuzaji ukapungua. Ndiyo maana huongezwa kapasita kubwa sambamba na rezista, nayo huchakaa upesi kwenye joto la valvu.

LED moja hushika nafasi ya vyote viwili. Nyekundu hukaa karibu na volti 1.7, kijani ya kawaida karibu 2, buluu karibu 3, na mkondo ukipanda au kushuka volti hizo hubadilika kidogo tu. Fundi, kwa hiyo, huchagua rangi kwa volti anazozitaka. Ni ufumbuzi mzuri sana, tena wa bei ndogo.

Hata hivyo haifai kila mahali. Valvu ya aina ya ECC88 yenye miliampea 10 huelewana nayo vizuri, ilhali ile ya 12AX7 hupitisha takriban miliampea 1, na kwa mkondo mdogo hivyo LED huwa si thabiti sana. Pia rezista hujirekebisha kiasi valvu inapozeeka. LED haifanyi hivyo.