Dafodili bila baridi, neno bila kitu

Kuna maua ambayo Mkenya aliyesoma huyajua kwa jina tangu utotoni ilhali hajawahi kuyatia machoni. La kwanza miongoni mwayo ni dafodili. Vizazi kadhaa vya wanafunzi wetu, tangu enzi za ukoloni, vilikariri shairi mashuhuri la Mwingereza William Wordsworth kuhusu maua hayo, vikajibu maswali ya mtihani kuhusu rangi yake, vikapasi na kuendelea na safari ya elimu. Ua lenyewe likabaki ng'ambo. Swali ambalo ningependa tulitafakari, hasa sisi walimu, ni hili: mtoto aliyelelewa kati ya mashamba ya chai ya Kericho na Bomet hufaidi nini anapolijua jina la ua asiloliona, na hupoteza nini asipolijua lile lililo karibu na mlango wa kwao?

Siulizi hivyo kwa sababu ninaichukia dafodili. Kinyume chake, mimi ni mpenzi wake. Katika bustani yangu ndogo viungani mwa Kericho ninazo chache nilizozipanda katika vyungu, tena si za kawaida bali zile ziitwazo maradufu. Dafodili ya kawaida ina petali sita zinazozunguka kikombe kilichochomoza mbele mithili ya tarumbeta, na ndani ya kikombe hicho mna stameni, yaani vijiti vinavyobeba chavua. Katika dafodili maradufu, stameni hizo, na pengine kikombe chenyewe, zimegeuka kuwa petali zilizosongamana hata ua likakaribia kufanana na waridi. Huo si uchawi wala si kazi ya mbolea. Ni mabadiliko ya urithi ambayo watunza bustani waliyaona, wakayapenda na kuyahifadhi. Aina iitwayo Van Sion imejulikana Uingereza tangu karne ya 17. Wenzetu wa Pwani hawatashangaa, kwani hata asumini wanayoitunga ina aina yenye petali nyingi kuliko kawaida.

Hata hivyo, pambo hilo lina gharama yake. Ua ambalo stameni zake zimegeuka petali hubaki na chavua kidogo mno, au hukosa kabisa. Nyuki hulitembelea na kuondoka mtupu, na mbegu huwa adimu. Mkulima hulazimika kuendeleza kizazi chake kwa kutenganisha vitunguu vinavyochipuka ardhini kando ya kitunguu mama.

Gharama ya pili ni ya hali ya hewa. Kitunguu cha dafodili huhitaji takriban majuma 12 hadi 16 ya baridi isiyozidi nyuzi 9 hivi za Selsiasi ndipo shina la ua lirefuke ipasavyo. Kericho iko kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Usiku wake una ubaridi na mvua yake hainyeshi kwa uchoyo, lakini hatuna majira ya baridi kama ya Ulaya. Kwa hiyo anayetaka kuziona dafodili hapa hana budi kukihadaa kitunguu. Mimi huviweka vitunguu vyangu katika friji kwa muda wa miezi mitatu na zaidi, mbali na matunda, kwa maana gesi inayotoka katika matunda yanayoiva huliua chipukizi la ua. Kisha huvipanda chunguni, katika udongo usiotuamisha maji, ili vichanue katika miezi ya baridi ya Julai na Agosti. Zile za maradufu ni tepetevu zaidi: jua likizidi au maji yakipungua, tumba hukauka ndani ya ganda lake kabla ya kufunguka. Na zikishachanua, mwaka unaofuata kazi huanza upya, kwani bila baridi nyingine kitunguu hutoa majani matupu.

Kwa shule itakayopenda kujaribu, nina maonyo mawili. Vitunguu vya maua haviingizwi nchini bila kibali cha KEPHIS, shirika linalokagua afya ya mimea. Tena vitunguu vya dafodili vina sumu, na kwa kuwa vinafanana na vile vya jikoni, visiwekwe mahali ambapo watoto au wapishi watavikosea.

Sasa tuilinganishe dafodili na mgeni mwingine. Chai nayo haikuota hapa tangu asili. Ilipandwa Limuru mwaka 1903, na katika miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zikaanzisha mashamba makubwa Kericho, katika eneo ambalo serikali ya kikoloni ilikuwa imetwaa ardhi ya Wakipsigis. Dhuluma hiyo ya ardhi haijasahaulika hadi leo. Lakini mmea wenyewe ulishika mizizi, kwa sababu unapenda mvua nyingi, udongo wenye asidi na nchi isiyo na barafu. Kwa mwanaisimu, la kuvutia ni kwamba neno lilisafiri pamoja na kitu. Wachina walisema cha, Waajemi wakasema chay, nasi tukapata chai, na kinywaji kikiwa ndani ya kikombe. Hakuna mtoto wa Bomet anayehitaji kamusi ili aelewe neno hilo. Dafodili ilikuja kwa njia tofauti: neno lilishuka darasani peke yake, bila mizizi, bila harufu.

Na hapa ndipo penye ajabu. Nimewauliza wanafunzi wangu wengi wanaotoka katika wilaya hizo za zamani, ambazo leo ni kaunti, wanieleze ua la mchai lina sura gani. Wengi huduwaa. Wanajua majani mawili na chipukizi, kwa kuwa ndiyo yanayolipiwa. Ni kweli kwamba mchai unaochumwa kila mara haupati nafasi ya kuchanua. Lakini ile iliyoachwa bila kuchumwa, pembezoni mwa mashamba, hutoa maua madogo meupe yenye stameni nyingi za manjano katikati. Kitaalamu mchai huitwa Camellia sinensis. Ndugu yake, Camellia japonica, ni miongoni mwa mimea inayoenziwa sana duniani kwa maua yake maradufu. Kumbe jamaa wa maua hayo ya kifahari wamejaa vilimani petu, nasi tunawapita kila asubuhi!

Mwalimu atasema: je, tumtupe Wordsworth? La hasha. Tumsome vizuri zaidi. Mshairi huyo aliziona dafodili za mwituni, zisizo maradufu, kando ya ziwa Ullswater mwezi wa Aprili 1802, akitembea na dada yake Dorothy. Dorothy aliandika habari za maua hayo katika shajara yake. Shairi lilitungwa miaka miwili baadaye na kuchapishwa mwaka 1807. Jicho lilitangulia, kumbukumbu ikafuata, kisha maneno. Sisi tuliipindua njia hiyo, tukampa mtoto maneno na kumwacha bila cha kukumbuka. Si ajabu kwamba mwandishi Jamaica Kincaid, mzaliwa wa Antigua, katika riwaya yake Lucy ya mwaka 1990 alimchora msichana anayeichukia dafodili kwa sababu alilazimishwa kuikariri kabla ya kuiona.

Mwaka 1968, katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walitaka fasihi ya Afrika iwe kitovu, na nyingine zitazamwe kutokea hapo. Hoja hiyo inafaa hata katika bustani. Mtoto wa Kipsigis aanze na sinendet, mmea utambaao ambao hutumiwa katika sherehe na kuwavika mabingwa wa riadha shingoni. Aujue tebesuet, ambao kwa Kiswahili ni msinduzi. Aujue emitiot, mzeituni wa mwituni. Majina hayo wanayo wazee, na wazee hawatungojei. Kila anapozikwa mmoja wao, baadhi ya miti yetu hubaki bila jina kwa vijana wake.

Baada ya hapo, dafodili na ije. Hata jina tunaweza kulitafutia: Waarabu huiita narjis na Waajemi nargis, nasi tuliokwisha kupokea waridi na yasmini kutoka huko hatutashindwa kusema nargisi. Lakini jina zuri halitoshi. Neno lililofunzwa bila kitu chake ni kama ua maradufu: limesheheni petali, linapendeza katika insha na katika mtihani, ila halina chavua. Mwanafunzi hawezi kuzalisha wazo jipya kutokana nalo. Anachoweza ni kulitenganisha na kulipanda tena vilevile alivyolipokea.

Kwa hiyo ombi langu kwa walimu wa Kericho na Bomet ni dogo, wala halihitaji friji. Kabla ya kipindi kijacho cha ushairi, watoeni wanafunzi nje kwa nusu saa. Wautafute mchai uliochanua, wahesabu petali zake, wawaulize wazazi majina ya mimea iliyouzunguka, kisha waandike walichokiona kwa lugha waijuayo vyema. Wakirudi darasani, wafungulieni Wordsworth. Nina hakika watamwelewa, kwa maana nao watakuwa wameliona ua kabla ya kulisoma.