Msituombe mpira wa kifua

"Daktari, si mumwekee mpira maji yaishe yote?" Ndugu za wagonjwa wa ini hawachoki kuniuliza hivyo, na wengine huniletea mgonjwa ambaye mpira ameshawekewa kwingine.

Maji hayo ya kifuani hayatengenezwi na mapafu. Yanatoka tumboni. Ini likishajaa makovu, yawe ya homa ya ini B au ya pombe, maji hujikusanya tumboni, na kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua huwa na vitundu, vingi havifiki hata sentimita 1. Mgonjwa akivuta pumzi, shinikizo la kifuani hushuka na maji hunyonywa kwenda juu, mara nyingi upande wa kulia. Wapo ambao tumbo halijavimba hata kidogo kwa sababu maji yote yamepanda. Hao ndio wanaoanzishiwa dawa za kifua kikuu bila maji kupimwa, dawa ambazo zenyewe zinaweza kuliumiza ini!

Sasa weka huo mpira. Chupa chini ya kitanda inajaa, inamwagwa, inajaa tena, na ndugu wanafurahi kwamba yanatoka mengi. Wingi huo ndio hatari yenyewe. Maji hayo yamebeba protini ambazo ini bovu haliwezi kuzifidia. Presha inashuka, mkojo unapungua, figo zinafeli, vijidudu vinapenya pale mpira ulipoingilia. Na vitundu viko palepale, tumbo linaendelea kupandisha maji, kwa hiyo hakuna siku yatakayoisha. Kifua chenye usaha ni habari nyingine. Huko mpira unaokoa. Hapa unaua.

Cha kufanya? Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na ya kwenye mkate na samaki wa ng'onda. Dawa za kukojoza, spironolaktoni na furosemaidi, huku damu ikipimwa. Akihema kwa shida, avutwe maji kwa sindano, lita 1 au 1.5, sindano itolewe, maji yaende maabara. Yakizidi kurudi, kuna mrija unaopitishwa ndani ya ini kupunguza shinikizo, ila si kwa ini lililochoka kabisa. Kwa wachache, vitundu huzibwa kwa upasuaji wa kamera. Homa au kuchanganyikiwa, hospitali siku hiyohiyo. Anayefaa kupandikizwa ini apewe rufaa maji yanapoanza tu kupanda kifuani, figo zikiwa bado nzima.