MIFUPA ILIYOGEUKA JIWE

Mtoto mdogo akiambiwa kwamba jiwe lililo mbele yake lilikuwa mfupa, ni vigumu kusadiki. Yafaa aanzishwe kwa mnyama aliye hai. Huko Lang'ata, kusini-magharibi ya Nairobi, watoto humlisha twiga kwa mkono na kuuona ulimi wake mrefu, ambao huchuma majani katikati ya miiba ya migunga. Na hata nyumbani, magego ya mbuzi ni mapana kwa kusaga majani, hali meno ya mbwa yamechongoka kwa kurarua nyama.

Baadaye na apelekwe kwenye Jumba la Makumbusho, karibu na katikati ya mji. Humo imehifadhiwa mifupa ya kijana aliyeishi upande wa magharibi wa Ziwa Turkana yapata miaka 1,500,000 iliyopita. Bwana Kamoya Kimeu aliigundua mwaka 1984, kwa kuona kipande kidogo tu cha fuvu kati ya changarawe. Miguu yake mirefu yaonyesha kwamba alitembea wima. Matope yalimfunika, na madini yaliyomo majini yakaingia mifupani polepole mpaka ikawa jiwe.

Mchungaji mdogo akiona mfupa kama huo korongoni, auache papo hapo na kumwarifu mwalimu wake. Ukiisha kuondolewa katika tabaka lake la udongo, ni shida kuujua umri wake.