Mawe Makubwa ya Graniti na Afya ya Mtoto Wako

Leo tunazungumza juu ya mawe. Ndiyo, mawe! Ikiwa unaishi Seme karibu na Kit Mikayi, au kwenye vilima vya Maragoli, unayajua: mawe makubwa ya graniti yaliyopandana kama magunia ghalani. Kwenye kliniki huwa tunaulizwa kama ni kweli yana mionzi inayoleta kansa, na kama maji ya kisima kilichochimbwa humo yanafaa kwa mtoto. Kuna mama anayesikia maneno hayo akaacha kisima na kurudi mtoni. Huyo ndiye ninayemwogopea zaidi.

Mionzi ipo. Mawe haya yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 2, na yalianza kama uji wa moto chini ya ardhi, ukapoa polepole. Je, umewahi kugandisha juisi ukaona sehemu inayochelewa kuganda ndiyo tamu zaidi? Hapa pia ni hivyo. Uraniamu na toriamu zina chembe zisizoingia kwa urahisi katika madini yanayoganda mapema, kwa hiyo hubaki katika uji wa mwisho, na uji huo ndio unaokuwa graniti. Hata hivyo ni kidogo. Katika tani moja ya graniti kuna uraniamu ya gramu 4 hivi kwa wastani. Nayo huvunjika taratibu mno: huchukua karibu miaka bilioni 4.5 kupungua kwa nusu.

Basi mtoto akicheza juu ya jiwe, mwache acheze, ila asianguke. Hata ndizi na maharagwe yana potasiamu inayotoa mionzi kidogo, na mwili wako vilevile.

Sasa sikiliza hapa. Uraniamu ikivunjika hutokea gesi iitwayo radoni. Haina rangi wala harufu. Hupanda kupitia nyufa za mwamba na za sakafu, ikaingia nyumbani. Nje hupeperushwa na upepo, lakini katika chumba kilichofungwa hukusanyika, na ukiivuta miaka mingi inaweza kuleta kansa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi bekereli 100 katika kila mita moja ya ujazo wa hewa, na pale isipowezekana isipite 300. Kwa mvutaji sigara hatari ni kama mara 25 kuliko kwa asiyevuta. Kwa hiyo baba akitaka kuvuta, atoke nje, na akiacha kabisa ni bora zaidi. Ziba nyufa za sakafu. Fungua madirisha kila siku, hasa chumba wanacholala watoto. Dirisha hilo hilo litatoa na moshi wa kuni, ambao kwa kweli unawasumbua watoto wetu kuliko radoni.

Tuje kwenye maji. Maji yakipita katika nyufa za mwamba huyeyusha uraniamu kiasi. Toriamu haiyeyuki kwa urahisi. Uraniamu ikizidi katika maji hudhuru figo, na kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni maikrogramu 30 kwa lita. Floraidi pia hutoka katika mawe, na ikizidi miligramu 1.5 kwa lita, meno ya watoto huweza kuwa na madoa ya kahawia. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi uraniamu wala floraidi. Ukiyachemsha sana yakapungua, madini yaliyobaki huwa mazito zaidi.

Je, urudi mtoni? Hapana, mama! Maji ya mto yasiyotibiwa huleta kuhara, na kuhara huweza kumuua mtoto mchanga kwa siku chache. Madhara ya madini huja kwa kunywa maji hayo kwa muda mrefu, hivyo muda wa kupima upo. Endelea na kisima, huku mkiitaka kamati iwaonyeshe karatasi ya maabara. Kama hakuna, mwone afisa wa afya ya umma awaeleze jinsi ya kupeleka maji yapimwe. Mwambie wazi mnataka uraniamu na floraidi vipimwe, kwa maana vipimo vingine hutafuta vijidudu tu.

Mtoto wa chini ya miezi 6 hahitaji maji yoyote. Mnyonyeshe tu, hata kama nyumba yenu imejengwa juu ya mwamba wenyewe.

Na wewe mjamzito unayetafuna odowa, najua hamu hiyo. Tatizo lake kubwa si mionzi. Ni upungufu wa damu, minyoo, na wakati mwingine risasi iliyomo. Mwambie muuguzi siku ya kliniki, bila haya, apime damu yako na kukupa vidonge vya madini ya chuma.