Breki za Rolls-Royce ya zamani zikifeli, fundi aanze kuangalia wapi?

Gari linang'aa, limelala gereji miaka na kilomita zake ni chache. Siku linatolewa kubeba maharusi, dereva anakanyaga breki kwenye mteremko na gari halishiki vizuri.

Hilo linaweza kuikuta Rolls-Royce Silver Shadow, iliyotengenezwa Uingereza kuanzia 1965 hadi 1980. Ina uzito wa takriban tani 2, kwa hiyo breki zake si za kubahatisha.

Zinafanyaje kazi?

Kwenye magari mengi ya kawaida, mguu wa dereva ndio unaanza kusukuma mafuta ya breki. Silver Shadow inategemea zaidi mfumo wa presha kubwa, uliotumia teknolojia ya Citroën ya Ufaransa.

Pampu 2 zinazoendeshwa na injini hujaza presha kwenye matungi 2 madogo yenye gesi ya naitrojeni. Ukikanyaga pedali, unaifungulia njia presha hiyo ikabane magurudumu.

Tatizo ni kwamba gesi hupungua polepole kadiri miaka inavyokwenda. Injini ikiwa inanguruma, huwezi kugundua haraka. Ikizimika barabarani, akiba ya presha inaisha baada ya kukanyaga mara chache.

Kipimo cha kwanza

Gari liwe sehemu tambarare, magurudumu yamewekewa vizuizi. Washa injini, subiri taa za tahadhari za breki zizimike. Zima injini, kisha washa swichi bila kupiga stata.

Sasa kanyaga na uachie pedali huku ukihesabu. Taa ikiwaka mapema, tungi halitunzi tena presha.

Mafuta yasiyo yake

Silver Shadow hutumia mafuta yanayoitwa RR363. Yana kilainishi cha kulinda pampu, kitu ambacho mafuta ya breki ya kawaida hayana.

Mrithi wake, Silver Spirit ya 1980, anatumia mafuta ya madini. Ukiyachanganya, au ukimwekea mmoja mafuta ya mwenzake, sili za mpira zinaharibika na mfumo wote unahitaji kufumuliwa. Ndiyo maana fundi makini husoma maandishi ya kwenye tangi kabla ya kuongeza hata tone.

Mipira inayodanganya

Mipira ya breki inaweza kuonekana mizima kwa nje kumbe imevimba kwa ndani. Mafuta yanaingia, kurudi yanashindwa. Gurudumu linaendelea kubanwa na kupata moto.

Mafuta ya RR363 nayo hunyonya unyevu wa hewani. Yakipata moto sana, maji hayo yanageuka mvuke na breki zinapoteza nguvu. Unyevu huohuo hutia kutu kwa ndani.

Kwa hiyo unaponunua au kukodi gari la aina hii, usiridhike na kilomita chache. Uliza mafuta, mipira na matungi vilibadilishwa lini. Kama hakuna kumbukumbu, lipimwe kwanza kabla ya kuingia barabarani.